Mwenda Bure

Saa kumi na mbili na robo, mwaloni,
wanawake wanamwaga dagaa juu ya nyavu kuukuu
kwa sauti ya mvua isiyolowesha.
"Mnakwenda msibani?" anauliza mmoja, bila kuinua kichwa.
"Hapana. Tunatembea tu."
"Tu ipi hiyo?"
Misoji, wifi yangu, anacheka hadi kilemba kinalegea.
"Mwenda bure…" anaanza mwingine, na hamalizi,
mikono imejaa dagaa.

Tunafuata ukingo wa ziwa, viatu mkononi.
Magugumaji yamerundikwa na upepo wa usiku
kama nguo za watu walioondoka kwa haraka.
Ziwa hili halina chumvi ya kujivunia.
Tunalinywa, tunalifulia, tunalioga,
na bado asubuhi linakuja kulamba kisigino
kama ndama.

Kisha Rubya, na misonobari.

Nilidhani msitu ni vurugu. Huu ni daftari:
mstari, mstari, mstari,
kila shina limepigwa namba nyekundu kifuani
kama mtahiniwa.
Chini hakuna majani, ni sindano tu,
kahawia, laini, miaka arobaini ya sindano
na hakuna aliyeshona chochote.
Nyayo zetu hazisikiki. Ndege wamebaki nje.
Misoji, ambaye huongea hata usingizini,
amenyamaza tangu mti wa mia moja na kumi.

Baba alipanda hapa. Alilipwa kwa mche,
na jioni alihesabu vidole vyake kwanza, kisha pesa.
Alituambia miti hii imetoka mbali, inapenda baridi,
imekubali joto letu shingo upande,
ndiyo maana inanuka dawa.
Nabandua tone la utomvu, naliweka ulimini:
uchungu, halafu kitu kama limau,
halafu uchungu uleule umerudi na ndugu zake.

Tulipotarajia kona, hakuna kona.
Kitalu kizima kimekatwa.
Visiki, vumbi la msumeno, chupa ya maji iliyobonyea,
na mwanga mwingi kama kosa.
"Tumepotea," nasema.
"Hatujapotea. Njia ndiyo iliyopotea,"
na Misoji anaonyesha kwa kidevu:
pale palipokuwa na miti mia mbili ya baba
pana ziwa, lote, limeingia bila hodi.
Sijui nilie au nitazame.
Natazama.

Juu ya msitu ni uwanda wa nyasi,
mawe yamekaa mawili mawili, mengine yamebebana.
Huku upepo hauna adabu:
unaifungua kanga ya Misoji, unasoma jina, unaiacha.
Tunakula matobolwa na karanga.
Goti lake la kushoto limevimba; analibembeleza
kama mtoto asiyetaka kwenda shule.
Anadai tumekwenda kilomita kumi na mbili. Mimi nasema nane.
Tunabishana kwa raha, hakuna mwenye kipimo,
huku mvua ya upande wa Ukara ikitembea juu ya maji
kwa miguu yake myembamba,
nayo haiulizwi na mtu inakwenda msiba gani.

Getini, mlinzi: "Mmebeba nini?"
"Hatujabeba kitu."
Anatazama mikono yetu. Hatazami mfukoni.

Usiku, jikoni, nimeliweka lile tunda la msonobari
kando ya jiko la mkaa, likauke.
Ninachambua mchele, mara linasema ta.
Kisha ta, na ta,
linafunguka gamba kwa gamba, bila haraka,
na mbegu zinadondoka, kila moja na bawa lake moja
jepesi kama ukucha wa kichanga.
Nazihesabu: thelathini na mbili.
Baba angejua hizo ni saa ngapi za kazi.
Mimi nazifunika kwa bakuli,
maana dirisha liko wazi
na ziwa linapuliza.